Matanga ya Mama Puring

Doray Magbanua alifanya kazi na Meya Amador Tibayan miaka tisa, na kazi yenyewe, ukiyaweka kando majina makubwa waliyompa pale manispaa, ilikuwa matanga. Kwetu Bagtingon mtu akifa analazwa nyumbani kwake ndani ya jeneza lenye kioo siku tano, siku saba, hata tisa kama kuna mtoto anasubiriwa kutoka Riyadh, na watu wanaingia kunywa kahawa, kula biskuti na kumtazama. Meya asiyefika matangani si meya. Anaweza kuimeza barabara nzima, lami na kokoto zake, na bado tukamsamehe. Lakini asipokuja kukaa na maiti wako, hilo hutalisahau mpaka na wewe ulazwe hapo.

Sasa mtu mmoja atayajuaje matanga yote? Hayajui. Anayejua ni Doray. Alikuwa anatangulia nusu saa, gauni lake jeusi, anasimama getini. Gari likifika Meya anashuka, anainamisha kichwa, anamtegea sikio.

"Jina?"

"Anastacio, fundi seremala. Tumbo."

"Wangapi?"

"Kumi na wanane."

Wangapi maana yake wapiga kura, wa nyumba hiyo na jamaa zao. Wakiwa chini ya kumi, Meya anakaa dakika tano na kuondoka. Wakizidi ishirini, analia. Utaratibu huo hakuutunga Meya. Aliutunga Doray mwenyewe, akauandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, na simsingizii, kwa sababu aliwahi kunionyesha kwa kujivuna.

Na kulikuwa na maneno ya chungu. Akifa mama mtu mzima, Meya anaweka mkono juu ya jeneza na kusema, "Huyu mama nimekula chungu chake. Nilipokuwa si kitu, sina hata shati la maana, alinipakulia akaniambia, kula, mwanangu." Akina mama wote wanaanza kupenga kamasi. Mara ya kwanza Doray alishangaa, kwa sababu marehemu wa siku ile Meya hakuwahi hata kumwona. Mara ya kumi alikuwa anaitikia kwa kichwa pembeni, kama shahidi.

Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe, lakini. Mwenyewe alikuwa mama yake Doray, Mama Puring.

Mwaka ule Amador alipogombea mara ya kwanza alikuwa daktari wa mifugo tu, harufu ya nguruwe haimtoki, na matajiri wa mji walimfungia milango. Miezi mitatu alikula jikoni kwa Mama Puring, uji wa wali wenye kuku na tangawizi, kila siku saa sita, na akichelewa anagombezwa. Mama Puring alimpa shati la marehemu mume wake. Na siku aliposhinda akampa na binti: "Mchukue Doray. Huyu hasahau jina la mtu." Kwa hiyo usiniambie hawakuwa watu wa nyumba moja.

Basi vipindi vitatu vikaisha, na sheria inasema ukimaliza vitatu unapisha. Meya akapisha kwa namna wanavyopisha wote. Kiti cha mji akamwachia mkewe akigombee, yeye mwenyewe akautaka ugavana wa mkoa. Doray alifurahi kuliko hata mke. Alidhani kazi ni ile ile, imekua tu kidogo.

Kidogo gani! Mji mmoja umekuwa miji ishirini na miwili. Matanga mawili kwa siku yamekuwa saba. Ofisi ikahamia mji mkuu wa mkoa, ikajaa vijana waliovaa fulana za rangi moja, na simu ya Meya ikawa inapokelewa na msichana anaitwa Lovella, mwenye sauti tamu ambayo haikusaidii chochote. Doray aliendelea kutumwa huku na huko, anasimama mageti ya watu asiowajua, daftari la nne, la tano. Siku nyingine Meya anamaliza matanga yote saba bila kumwambia neno zaidi ya yale mawili, jina na wangapi. Alijipa moyo kwamba uchaguzi ukipita atamrudia.

Mwezi wa tatu, uchaguzi ukiwa umebaki wiki saba, figo za Mama Puring zikakataa. Doray aliomba ruhusa akakaa naye. Siku ya mwisho mama alikuwa na akili zake timamu.

"Amador atakuja?"

"Atakuja, mama."

"Asije mikono mitupu, mjinga yule. Aje na njaa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana, na Doray akayachukua kama deni la roho. Alimpigia Lovella siku ile ile.

"Pole sana, Ma'am Doray. Jina la nyumba?"

"Salcedo, jina langu kabla ya kuolewa. Mwambie ni mama yangu."

"Nitaandika. Wapiga kura wangapi?"

Doray akakata simu. Ndivyo alivyosikia kwa mara ya kwanza swali lile linavyosikika ukiwa upande wa pili.

Mazishi yalipangwa siku ya tano. Siku ya tano Meya hakuja. Doray akasogeza mpaka ya saba. Siku ya saba likaja shada kubwa la maua ya plastiki lenye picha yake anacheka, meno yote nje, na chini yake neno la rambirambi kwa familia ya Salcado, wamekosea hata herufi. Doray akasogeza mpaka ya tisa. Kaka yake, Rodel, anayeendesha pikipiki yenye kibanda cha abiria pale sokoni, alikuwa amechoka kuchemsha kahawa.

"Dada, tunamsubiri nani, mtoto wa Riyadh?"

"Atakuja."

"Atakuja, atakuja. Mama anatoka rangi na wewe unasema atakuja. Yule bwana ameshapanda mlima, wewe bado umeshika mkia wa punda."

"Rodel, niache."

"Mimi nimekuacha. Aliyekuacha simjui."

Jirani mmoja aliyekuwa anatafuna biskuti akacheka, akajifanya anakohoa. Doray alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Alijua aibu yote ya nyumba ile iko mgongoni mwake. Mama angezikwa huku mji mzima unajua kwamba miezi mitatu ya uji haikutosha kumleta mtu robo saa.

Siku ya tisa misa ilikuwa saa tisa mchana. Saa saba magari matatu yakasimama nje.

Doray alitoka mbio. Alikuwa na gauni lake jeusi, na miguu yenyewe ikampeleka pale inapojua, getini. Meya akashuka, amekonda, kola imelowa jasho. Alipomwona Doray uso wake ukafunguka kabisa, na kwa nukta ile moja Doray alisamehe kila kitu, maua ya plastiki na herufi na siku zote tisa.

"Doray! Afadhali uko wewe. Hawa watoto hawajui kazi."

Kisha akainamisha kichwa, akamtegea sikio.

"Jina?"

Alidhani anataniwa. Akangoja acheke. Sikio lilibaki pale pale, karibu na mdomo wake, na nyuma yake Lovella anatazama saa.

"Purificacion Salcedo," Doray akasema. "Wanamwita Puring. Figo."

"Wangapi?"

"Kumi na saba."

Alijisikia akisema. Miaka tisa ya mazoea ilisema yenyewe, mdomo ukatoa hesabu ya ndugu zake, wajomba zake, na yeye mwenyewe akiwemo. Meya akampigapiga bega na kuingia.

Kumi na saba si watu wa kuliliwa, lakini uchaguzi ulikuwa karibu. Meya aliweka mkono juu ya jeneza. Alitazama kile kioo, akatazama uso uliokuwa chini yake, na Doray, aliyesimama mlangoni, aliomba Mungu amfungue macho. Meya akavuta pumzi.

"Huyu mama," akasema, "nimekula chungu chake. Nilipokuwa si kitu, sina hata shati la maana, alinipakulia akaniambia, kula, mwanangu."

Nyumba nzima ikalia. Rodel, yule yule wa mkia wa punda, alilia mpaka akashika ukuta. Alimfuata dada yake akamkumbatia.

"Nisamehe, dada. Kumbe anakumbuka. Hata shati amelikumbuka."

Doray angeweza kumwambia. Alimtazama kaka yake, macho yamevimba, amefurahi kwa mara ya kwanza ndani ya siku tisa, akaona amwachie. Akaenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu na kichwa cha mama yake.

Meya alishika mikono ya watu wote chumbani, akatoka. Mlango wa gari ukafungwa, injini ikawaka, lakini gari halikuondoka. Honi ikalia mara moja, halafu mara mbili. Lovella akaingia kwa haraka akamwinamia Doray.

"Ma'am, Meya anakusubiri garini. Anasema unamchelewesha. San Vicente kuna matanga, wako thelathini na mmoja."

"Mwambie siji."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie mfiwa hasindikizi mgeni."

Hilo kwetu kila mtu analijua, hata mtoto: mwenye msiba hainuki kumsindikiza aliyekuja, asije akaita kifo kingine. Lovella alimtazama Doray, akalitazama jeneza, akamtazama Doray tena. Akakumbuka ile simu. Alitoka polepole kuliko alivyoingia.

Dirisha lilikuwa wazi. Doray alimwona akiinama kwenye kioo cha gari na kusema, na ndani ya gari kichwa cha Meya kikageuka kuitazama nyumba. Gari likabaki pale muda wa kumtosha mtu kushuka, kurudi ndani na kuvuta kiti. Kisha likaondoka kwenda San Vicente.