Rangi ya Pijo la Mzee Taha

Jentrix Nafula hakupenda kuambiwa "umejaribu". Katika gereji ya Muchiri kule Kawangware alikuwa mwanamke pekee anayepiga magari rangi, na wateja wageni walimwangalia kidogo kisha wakamuuliza Muchiri fundi yuko wapi. Jentrix alijibu mwenyewe.

"Fundi ni mimi. Leta gari tuone."

Alikuja Nairobi kutoka Bungoma kufanya kazi za nyumbani. Kazi hiyo ilipokwisha, alienda kwa Kitheka, mzee aliyepiga magari rangi karibu na reli, Laini Saba, akamwomba amfundishe. Kitheka alimkatalia kushika bunduki ya kupulizia rangi mpaka ajue kuyasoma makosa. Rangi ikichuruzika kama machozi, mkono umekawia mahali pamoja au thina ya kuiyeyushia imezidi. Ikitoka na vinundu kama ganda la chungwa, imechanganywa nzito au imepulizwa kutoka mbali. Ikipata weupe kama imemwagiwa maziwa, hewa ilikuwa na unyevu.

"Usilaumu rangi," Kitheka alizoea kumwambia. "Jiulize kimetokea nini kabla ya rangi."

Alipohamia kwa Muchiri, Jentrix alikuwa tayari na mkono wa fundi. Aliishi Kianda na kila asubuhi alitembea hadi Kawangware, akiangalia magari yaliyoegeshwa njiani na kuyakosoa kimoyomoyo.

Mwaka huu, mvua za Aprili zilipokuwa zimeanza, Mzee Taha aliingia gerejini na Pijo lake kuukuu. Alikuwa Mnubi mwenye nyumba za kupangisha kule Laini Saba, mtu mpole aliyezungumza polepole. Binti yake Batul alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Hii gari ndiyo ilimpeleka mama yake hospitali siku Batul alizaliwa," alisema, mkono ukiwa juu ya boneti. "Mke wangu Sabah ametangulia mbele ya haki. Nataka binti yangu atoke nyumbani akiwa ndani yake."

"Atatoka, mzee wangu," Jentrix akamwambia. "Na watu watageuza shingo."

Akatoa kutu, akaziba mashimo, akapiga msasa, akapaka praima, rangi ya msingi. Jumatano, praima ikiwa imekauka na gari limepanguswa, alienda kunywa chai. Aliporudi, akavaa barakoa na kuanza kupuliza rangi ya krimu. Milango ilitoka safi. Alipofika kwenye boneti, rangi ikaanza kujitenga mbele ya macho yake. Vishimo vidogo vya duara vikafunguka hapa na pale, kila kimoja kikionyesha praima chini yake. Mafundi huviita macho ya samaki. Paa nalo likatoka vivyo hivyo.

Muchiri akaja kuangalia. "Ongeza rangi, halafu funika na klia ya kung'arisha. Nani ataona?"

"Mimi nitaona. Na ukiongeza rangi, hayo mashimo yanabaki tu."

"Jentrix, harusi ni Jumamosi!"

"Najua. Ndiyo sababu sitaki kuirudia Ijumaa."

Aliweka bunduki chini, akainama mpaka jicho likawa sawa na boneti. Alijua macho ya samaki huletwa na mafuta. Lakini kama mafuta yangetoka kwenye kompresa inayosukuma hewa, milango ingeharibika pia. Hapa vishimo vilifuatana katika mistari mipana iliyopinda, mmoja juu ya mwingine. Alipitisha mkono wake hewani juu ya boneti, akaufuatisha mstari mmoja, na mara akaelewa. Mtu alikuwa amelipangusa gari.

Mzee Taha alikuwa ameketi langoni tangu asubuhi. Jentrix akaenda kuchuchumaa karibu naye.

"Mzee, uliishika gari tukiwa kwa chai?"

"Niliona vumbi imeikalia," akasema, akitoa kitambaa mfukoni. "Nikaipangusa kidogo. Hiki ndicho mimi huipangusia kila Ijumaa, tangu Sabah aende."

Kitambaa kilinukia polishi ya dashibodi. Miaka ya polishi ilikuwa imelowa ndani yake. Mzee alitazama boneti, akamtazama Jentrix.

"Mimi ndiye nimeiharibu?"

"Haijaharibika. Rangi haishiki mahali pana mafuta, ni hivyo tu. Nitatoa mafuta, nipige tena." Akakichukua kile kitambaa taratibu. "Lakini hiki utaniachia mpaka Jumamosi."

Mzee akacheka bila kutaka.

Rangi ilipokauka, Jentrix aliichuna kwenye boneti na paa, akaviosha kwa sabuni, kisha akavipangusa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine safi cha kukausha. Mwisho akamwaga maji. Mahali penye mafuta maji hujikusanya matone. Haya yalitandaa sawasawa mpaka ukingoni. Akapaka praima upya, akafunga kamba kulizunguka gari ili mtu asiliguse.

Alhamisi ikanyesha. Muchiri alizungukazunguka huku akitazama mawingu, lakini Jentrix hakugusa bunduki. Alitoa maji yaliyojikusanya ndani ya kompresa, akafagia sakafu ili vumbi lisije likapanda, akangoja. Ijumaa jua lilipowaka na mabati kukauka, alipiga rangi kwa mwendo mmoja usiobadilika, akaliacha kila tabaka lipumue, kisha akamalizia na klia. Hakuna kishimo kilichotokea. Muchiri alipita upande huu na ule, akauona uso wake kwenye mlango, akasema, "Sawa. Nimenyamaza."

"Usiipake polishi yoyote kwa sasa," Jentrix alimwambia Mzee Taha alipokuja kulichukua gari. "Maji safi na kitambaa laini tu. Ndege akiiachia uchafu, osha papo hapo."

"Nimesikia, mwalimu."

Jumamosi Jentrix alienda harusini akiwa amevaa gauni la kijani. Batul alitoka nyumbani huku wanawake wakipiga vigelegele, akapitisha vidole kwenye mlango wa Pijo kabla ya kuingia. Mzee Taha alisimama kando, macho yamemjaa machozi. Jirani mmoja aliyekuwa akilitazama gari akauliza kwa sauti ni fundi gani wa mjini aliyefanya kazi ile.

"Ni mimi," Jentrix akasema, akaenda kutafuta mahali pa kukaa, kwa sababu pilau ilikuwa imeanza kupakuliwa.