Siku Nilipokuwa Maiti Nikaitikia Salamu

Mnaotaka kunicheka nichekeni tu, maana Iringa imeshanicheka na habari zimefika hadi Mbeya kwa dada yangu, ambaye siku hizi akipiga simu anaulizia hali ya marehemu. Lakini naapa, kosa halikuwa langu peke yangu.

Ile riwaya ya vita vya Wahehe na Wajerumani nimeisoma mara nne (shule niliishia kidato cha pili, kusoma sikuishia hapo), na kila nikifika pale mama anapopita katikati ya maiti, akamkuta mwanawe Mtavila, akavua shuka lake akamfunika, mimi hulia, hata nikiwa kibandani nashona viatu na wateja wananitazama. Basi watu wa televisheni walipokuja kuigiza kitabu hicho kwenye mawe nje ya mji, nikajipeleka, wakanipa niwe Mtavila akiwa ameshakufa. Kumbe wamebadilisha, mama anapita tu, hamwoni! Nikamuuliza mwongozaji, mama gani huyo? Akasema muda hautoshi. Muda wa farasi wa Mjerumani kunywa maji upo, wa mama kumlilia mwanawe haupo.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Aliyeigiza mama ni Bibi Sekalinga, jirani yetu, nikamnong'oneza kwamba akifika kwangu asimame, anifunike kama kitabuni. Akakubali, maana naye amezaa.

Asubuhi walikuwa wamekwisha kupiga picha ya mama akipita tu, sasa wakataka kuirudia, wakawasha moshi wa vita, wa mwisho uliobaki. Bibi akaja taratibu, akasimama, akaniinamia. Nikamsikia mwongozaji akiwaambia wasizime kamera, hiyo ni nzuri kuliko ya asubuhi. Shuka likanifika kifuani, machozi ya kweli yakanidondokea shavuni, na bibi akasema kwa sauti ya chini:

"Kamwene, mwanangu."

Sasa niambieni, nyinyi mliolelewa huku, mtu mzima akikusalimia unafanyaje? Mimi utotoni nilichapwa kwa kukaa kimya mbele ya wakubwa. Nikafumbua macho, nikatoa mkono, nikaitikia, "Kamwene, bibi."

Maiti wenzangu walicheka hadi wengine wakabiringika miguuni mwa Wajerumani. Mwongozaji akavua kofia, akaitupa chini.

"Wewe umekufa," akaniambia. "Tangu asubuhi umekufa."

Nikamjibu kuwa bibi ndiye aliyeanza. Bibi naye akanuna: "Sasa nimpite mtoto wa jirani bila salamu, nionekane mtu wa namna gani?"

Moshi ulikuwa umekwisha, wakatumia ile ya asubuhi.

Siku ilipoonyeshwa tulijazana kwa mama yangu. Mama wa kwenye runinga akampita Mtavila kama anapita gogo, na mama yangu akawaka: "Hawa watu hawana huruma. Anashindwaje kumwona mwanawe?" Chumba kizima kikawasema watu wa televisheni, na mimi niliyekuja na hasira zangu zote tayari nikabaki nakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani, huku Bibi Sekalinga akitazama ukuta.

Kitabu nitaendelea kukisoma na kukililia, ila kuigiza basi. Wakirudi kutafuta maiti, watafute mtu asiye na adabu.