Makofi ya Shangazi

Siku hizi tumbo langu linakula chochote, hata maharage ya jana. Mwaka 2013, nilipokuwa mwalimu mpya Kibondo, lilikuwa likiniuma kila Jumatatu na nilitafuna vidonge kama karanga. Daktari alipima, hakuona kitu. Mimi nilijua kinachoniuma.

Wazazi wangu ni Waha, ila nilikulia Tabora, na shuleni huko, kwa kuwa Kiha kinafanana na Kirundi, niliitwa Mrundi mpaka nikachoka. Kwa hiyo nilipofika Kibondo, kwa Waha wenyewe, niliwaambia walimu wenzangu, wengi wao wageni wa mikoa mingine, kwamba mimi ni mtu wa Tabora. Basi. Mwalimu wa hesabu, mtu wa Moshi, alipenda kuiga salamu ya Kiha: anainama, anapiga makofi taratibu, halafu anasema Muha akimaliza kukusalimia chai yako imeshapoa. Aliyecheka kuliko wote ni mimi, mnafiki mkubwa.

Siku moja, saa ya chai, shangazi yangu akaja kutoka Busunzu na maharage kichwani. Alikuwa amesikia nipo. Akatua mzigo mlangoni, akapiga goti, akapiga makofi huku akinitazama.

"Mwakeye!" akanisalimia kwa Kiha.

Makofi hayo hujibiwa kwa makofi. Ukinyamaza, umemkataa mtu. Mikono yangu iling'ang'ania kikombe. Mwalimu wa hesabu akanikonyeza.

Shangazi akatazama kikombe, akanitazama usoni, akaelewa.

"Mnisamehe, walimu," akasema kwa Kiswahili. "Nimekosea mlango."

Akajitwika maharage yake, akaondoka. Huyu alikuja hadi Tabora kunilea nilipozaliwa, na sasa alikuwa ananisaidia kumkana. Nilitoka mbio. Nilimkuta karibu na mlingoti wa bendera, nikapiga magoti vumbini na sketi yangu ya kazini, nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Walimu walikuwa wamejaa madirishani. Nililia, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu utotoni.

Aliniacha pale chini kidogo, nami nilistahili. Kisha akapiga makofi yake, taratibu, bila haraka yoyote.

"Inuka, mwanangu. Chai ipo?"

"Itakuwa imeshapoa, shangazi."

"Tutainywa hivyo hivyo."