Kiwiliwili cha Kupimia

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mama alipoolewa kwingine, Baba alinichukua kwenda naye Guangzhou, China, na kazi aliyonipa ilikuwa kusimama. Alinunua nguo kwenye soko la jumla la Shisanhang, za kupeleka dukani kwake Dar es Salaam. Akiona gauni zuri ananiita, "Njoo mama, simama hapa." Ananiwekea mabegani, anarudi nyuma, anafumba jicho moja kama seremala. Kisha: "Litamkaa dada yako."

Dada huyo, binti wa mke mkubwa, alibaki Dar. Tulilingana kimo, kiuno, hata nyayo; Mungu alitukata kwenye jora moja. Mimi napimiwa, yeye anavaa. Naapa, mwaka ule alipata magauni ya kuivisha China nzima na majirani zake. Nami nilinunuliwa yangu, sisemi uongo. Ila ya kwangu Baba aliyachukua bila kunipima, njiani, kama mtu anayenunua kiberiti. Hapo ndipo wivu uliponikaba.

Leo nausimulia kwa kicheko, lakini haukuchekesha. Moyo ulinienda mbio tangu asubuhi. Chakula kilinishinda, mimi niliyezoea kumaliza tambi za mgahawa mzima. Baadaye, kwenye masomo ya jioni, nilijifunza kwamba hali ile ina jina, sonona. Wakati ule nilijua tu kwamba nisipokuwepo, Baba atapungukiwa na kipimo basi. Wazo hilo lilikuja likakaa, likazoea, kama mgeni aliyekwisha kujua chumvi inawekwa wapi.

Siku moja, kwenye soko la Zhanxi, Baba akaniwekea koti jekundu. Zuri, we acha!

"Na hili litamkaa."

"Baba, nikifa utampimia nani?"

Akacheka. "Ufe uende wapi, na mizigo yote hii?"

Sikucheka, mimi ninayecheka hata msibani. Hapo akanitazama usoni, siyo mabegani.

"Unataka kufa?"

"Kuna siku nataka."

Mwenye duka alikuwa akipunguza bei peke yake, kikokotoo mkononi, "Pengyou! Pengyou!" yaani rafiki, rafiki. Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, Baba aliiacha bei ishuke bila kuifuata. Akanivua koti taratibu, akanishika mkono, akanipitisha kwenye mikokoteni mpaka kibanda cha simu.

Alimpigia mama, huko nyumbani. Tangu talaka hawakusemeshana. Salamu zao zilipitia kwangu.

"Mwanetu anaumwa," alisema. Kabla ya talaka, akimtajia mama habari zangu, nilikuwa "mwanao". "Anawaza kufa. Niko naye kila siku, sikuona."

Mama alijibu kwa sauti ambayo hata bila simu ingefika Guangzhou: "Usimwache peke yake! Mlete nimpeleke kwa daktari! Nipe niongee naye!"

Baba akanipa simu, akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Nikamwonea mama wivu mkali. Mwaka mzima nimesimama mbele ya mtu huyu hakuniona, na mama kamliza kwa maneno matatu, tena ya mbali.

"Nani huyo analia?" mama akauliza.

"Baba. Umemliza."

"Mimi? Mimi nimlize yule, ana haja gani na mimi? Anakulilia wewe, we mtoto!"