Kufuli la Chumba cha Nyuma

Nilikuwa mlezi katika kituo cha wazee kando ya ziwa, upande wa Gatete. Wazee wetu wengi walirudi kutoka ukimbizini Tanzania wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine na jamaa zao wamekwisha. Kazi niliipenda. Wafanyakazi ndio walionitia hofu. Ukisalimia "amahoro" asubuhi, watu walitazama kwanza mlango wa direkta ndipo waitikie.

Muuguzi mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini wazee waliopotewa na akili wanafungiwa chumba cha nyuma. Direkta alitabasamu, akamshukuru kwa swali. Kesho yake muuguzi hakuonekana, na hakuna aliyethubutu kumtaja tena.

Kwa mvua za mwaka ule ziwa lilipanda. Lilimeza bustani ya mboga zetu za lengalenga, likafika ukutani. Wenzangu wakanisukuma niende ofisini.

"Shefu, maji iko karibu na chumba ya nyuma."

"Wewe ni mulezi ao mukubwa wa ziwa?"

Wale wale walionituma, waliokuwa wakisikiliza mlangoni, ndio waliocheka.

Jumapili iliyofuata direkta alikuwa kanisani, ufunguo mfukoni mwake. Upepo ukavuma kutoka Kongo, mawimbi yakawa yanapiga ukuta. Tukasikia bibi mmoja akiita kutoka chumba cha nyuma, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Wanangu, miguu yangu imelowa."

Mpishi, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akatoka na shoka la kuni. Nikamwita mlinzi atusaidie. Akasema hajaamriwa. Mpishi akapiga kufuli mpaka likaachia. Ndani maji yalikuwa magotini. Tuliwabeba wazee mgongoni mmoja mmoja. Babu mmoja alisimama juu ya kitanda akiimba, akakataa kushuka mpaka mpishi alipomwambia, "Baba, twende nyumbani."

Direkta aliporudi, wazee walikuwa wamekaa uani wakitetemeka. Aliwapita.

"Nani amevunja kufuli?"

"Ni miye," mpishi akasema.

"Na mimi," nikasema.

Tulifukuzwa nguo zetu zingali mbichi. Wazee walihamishiwa Kizuka, kwenye jengo lililozungukwa na michikichi. Nilikwenda kuwaona. Mlinzi ni yule yule. Hakufungua geti. Alisogea karibu, akageuza uso kando kana kwamba anatazama barabara.

"Dada, usikuje tena," akanong'ona. "Wameanza kuniuliza kama tunajuana."