Majina Thelathini ya Jumapili

Mimi nauza magazeti stendi ya Balangoda mwaka wa ishirini na mbili sasa, na wanaonunua gazeti kwa ajili ya habari nawahesabu kwa vidole. Mmoja anataka ukurasa wa ndoa, mwingine wa nyota. Wimala, mama mmoja wa hapa kwetu, alikuwa anataka ukurasa wa chemsha bongo, na humo hakutaka kitu kingine ila orodha ya majina iliyo chini.

Utaratibu wa gazeti lile la Jumapili mnaujua. Unajaza miraba, unapiga simu ofisini kwao, unawasomea majibu. Thelathini wa kwanza waliopatia, wiki inayofuata majina yao yanachapwa pamoja na mji wanakotoka. Zawadi hakuna. Jina tu.

Katika majina hayo hakosekani Gunawathi wa Maharagama, na Gunawathi ni dada yake Wimala, tumbo moja. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja. Mama yao alifia kwa Wimala, baada ya Wimala kumgeuza kitandani miezi minane peke yake. Gunawathi akafika siku moja baada ya mazishi. Wimala, mbele ya watu, akamwonyesha viti vya wageni na kumwambia, "Kaa hapo, utaletewa chai." Gunawathi hakuketi. Aligeuka mlangoni akarudi stendi na mfuko wake.

Wimala aliliona jina la dada yake kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Siku iliyofuata alikuja kibandani kwangu, macho mekundu.

"Dada Sumitha, nataka jina langu likae hapa, na lake likiwepo."

"Kwa nini usimwandikie barua?"

"Barua nimwandikie mimi? Kwani mimi ndiye niliyechelewa kumzika mama?"

Kiburi cha watu wa nyumba ile nimekijua tangu utoto.

Sasa shida ilikuwa hii. Maharagama ni jirani na jiji, gazeti linafika saa kumi na moja alfajiri. Kwetu linapanda milima na basi, linashushwa saa moja na nusu, na saa mbili kasoro dakika tano nafasi thelathini zimeshajaa. Kwa hiyo Wimala alikuwa na dakika ishirini, labda ishirini na tano. Na fumbo lake la kwanza alilianza Jumapili akalimaliza Jumatano.

Nilimcheka. "Wewe mwenzetu, mpaka uingie kwenye orodha hiyo tutakuwa tumekufa wote."

"Nicheke tu," alisema.

Na wakati wa kujifunza alikuwa hana. Siku sita anashona kola za mashati kiwandani, kola mia tisa kwa siku. Nyumbani yuko mumewe Jinadasa, dereva wa basi wa zamani, aliyepooza upande mmoja, na tangu hapo hata gazeti aliacha kununua. Wa kumlisha ni yeye, wa kumwogesha ni yeye. Nikampa magazeti ya zamani ambayo hayakuuzika. Alikuwa anayakunja anayatia ndani ya blauzi, na zile dakika kumi za chai kiwandani wenzake wakipiga soga, yeye anajaza miraba. Kuna siku alisinzia na kalamu mdomoni, msimamizi akamwamsha kwa matusi.

Lakini mtu akirudia kitu, mkono unazoea. Aliacha kuanza na swali la kwanza. Akawa anaanza na maneno mafupi, kwa sababu hayo ndiyo yanayofungua marefu. Swali lisilojibika kwa pumzi tatu analiruka. Akamjua mtunzi wa mafumbo yale kuliko mke wake anavyomjua. "Huyu mzee anapenda ndege," aliniambia. "Kila wiki lazima ndege mmoja, mfalme mmoja na chombo kimoja cha jikoni." Akayaandika yote kwenye daftari la mtoto wa shule, akawa anayakariri akimkanda Jinadasa mguu. Siku tatu zikawa saa nne, saa nne zikawa mbili. Mbili zikawa moja. Ikawa dakika arobaini, ikawa thelathini.

Hapo kwenye thelathini akakwama miezi mitano. Jamani, ile miezi mitano! Kila Jumapili anakuja na nywele hazijachanwa, anakaa kwenye kreti langu, anajaza, anapiga simu ya kibanda. Simu yenyewe mbovu, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo stendi nzima inasikia: "Pole mama, nafasi zimejaa." Makonda wakapata mchezo. "Mama Chemsha Bongo, leo umepikwa ukaiva?" Niliwatukana, wakacheka zaidi.

Siku moja alinigeukia. "Nimechoka, Dada Sumitha. Unajua mimi hata siyapendi haya mafumbo? Sijawahi kuyapenda."

"Basi acha."

"Nikiacha kabla jina langu halijatoka, atadhani nimekufa."

Ndipo nilipojua alichokuwa anatafuta miaka miwili yote ile. Nami sikumcheka tena.

Alichobadilisha mwishowe ni kidogo tu. Alianza kuyasoma maswali yote mara moja, kalamu chini, asiandike hata herufi moja, kisha ndipo anajaza bila kusimama. Dakika kumi na tisa. Alipiga simu, kijana wa gazetini akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jina, mama?" Wimala alilisahau jina lake. Nikamtajia mimi kwa sauti kutoka nyuma.

Jumapili iliyofuata yalikuwepo yote mawili. Gunawathi wa nane, Wimala wa ishirini na saba. Alinunua nakala mbili.

Wiki iliyofuata, jina la Wimala lilikuwepo, la Gunawathi halipo. Wiki ya pili, halipo. Wiki ya tatu, halipo.

"Ameona jina langu," Wimala alisema, "hata karatasi moja hataki kukaa na mimi." Aliketi pale kama gunia. Kisha akasema polepole, "Au kafa, nami sikuambiwa."

Nikapandwa na hasira, sifichi. "Nyie watu mna wazimu! Kila Jumapili mnapiga simu gazetini, mnamsomea mtoto asiyewajua majina ya ndege! Kupigiana mnashindwa? Namba yake unayo?"

Alikuwa nayo kichwani. Akabonyeza, akakosea mara mbili. Ikaita muda mrefu.

"Haloo? Nani?"

"Dada."

Kisha sauti ile ya kizee ikasema, "Wimala. Hatimaye nimekusikia."

"Jina lako halipo. Nilidhani..."

"Nimeacha. Macho yangu yamekwisha, mdogo wangu, mwaka wa pili huu. Binti yangu Nayomi alikuwa ananisomea maswali. Mtoto ana kazi zake, namwamsha saa kumi na moja, nimechoka, naye amechoka. Lakini nilijua mumeo hakosi gazeti la Jumapili. Nikasema, nikiacha, Wimala atadhani nimekufa. Siku ile Nayomi aliposoma jina lako, nikamwambia basi, mwanangu, sasa tulale."

Wimala alifunika uso kwa kiganja.

"Mimi nami siyapendi, dada," alisema. "Hayo mafumbo."

"Nani anayapenda!" Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha watu waliokesha.

"Jinadasa atakaa na Dada Sumitha," Wimala alisema, bila hata kuniuliza. "Jumapili nitakuja. Nitapanda basi la kwanza."

"Njoo. Ila ukiingia, Wimala, useme kwanza. Usisimame tu mlangoni. Nisije nikakuuliza wewe ni nani."