Upande wa Kulia wa Dirisha

Tangu utotoni walimwita Chiriku kwa kupenda kupiga domo, lakini mama yake alipopatwa na kiharusi, domo hilo halikumsaidia kitu. Mama, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, alirudi nyumbani akitembea na kuongea vizuri. Ila upande wa kulia wa dunia ulikuwa kama umefutika kwake. Alikula chakula cha kushoto mwa sahani tu, kisha akalalamika, "Siku hizi mnanipunja!"

"Mzoeshe kutafuta vitu upande huo," daktari alimshauri Chiriku. "Kila siku, kidogo kidogo."

Chiriku alikuwa karani wa ghala, na mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe. Akaandika programu fupi: inafungua dirisha kwenye kioo cha kompyuta, inachora maduara ya rangi, na mama anayaonyesha kwa kidole. Mwanzoni maduara yalikaa mahali pale pale, na mama, mjanja wa kuzaliwa, akayakariri. Basi Chiriku akaiachia kompyuta ichague yenyewe, kwa bahati nasibu, mahali, ukubwa na rangi.

Jumapili asubuhi akamketisha mama mezani, akabonyeza. Maduara yakachomoza: jekundu, la kijani, la zambarau. Mama akayaonyesha moja moja, yote ya kushoto na katikati. Mkono ukasimama.

"Kwisha?" Chiriku aliuliza, roho juu, macho yakiwa kwenye mkono wa mama tu.

"Kwisha. Huku kulia hakuna kitu."

Machozi yalimtoka Chiriku. Jasho lote lile limekwenda bure! Akainamisha uso.

"We mtoto, unalia nini? Nakuuliza, mbona huku umeacha patupu? Pote hapa peupe, mpaka ukingoni!" Kidole cha mama kilikuwa kikipapasa ukingo wa kulia wa kioo.

Chiriku akainua macho. Kweli, patupu. Akaipitia programu yake: palipotakiwa upana wa dirisha, ili maduara yafike mpaka kulia, yeye aliandika kimo. Dirisha lilikuwa pana kuliko kimo chake, kwa hiyo hakuna duara lililoweza kufika kulia.

"Mama! Umeona kwamba hakuna!"

"Si ndiyo nimekwambia?"

Akamkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akasahihisha neno moja, akabonyeza tena. Duara kubwa la njano likatokea kulia kabisa. Mama alikawia kidogo, akageuza shingo polepole, akaligusa.

"Rangi mbaya hii," akasema. "Lete jingine."